Kati ya Nchi na Kaburi Kuna Kumi na Moja

Mwinjilisti alikuwa hapandi gari kabla hajajumlisha namba zake. Basi la Katesh likisimama, sisi wengine tunagombania mlango, yeye anazunguka mbele, anainama kwenye kibao cha namba, midomo inacheza. Jumla ikimridhisha, anapanda. Isipomridhisha anatuaga vizuri, anarekebisha kofia, anaanza kutembea. Siku moja alitembea kutwa nzima kutoka Katesh hadi Balangdalalu, jua la kiangazi utosini, kwa sababu basi lilikuwa na kumi na tatu.

Jioni nilimkuta ameloweka miguu kwenye beseni. Nikamuuliza, "Shikamoo Mwinjilisti. Hivi kumi na tatu ina ubaya gani?"

"Marahaba. Haina ubaya wowote," akasema. "Ila haigawanyiki."

Mke wake, Mama Mwinjilisti, alikuwa anapepeta mahindi pembeni. Akasema bila kuinua kichwa, "Malengelenge yako nayo yanagawanyika? Maana naona yako saba mguu mmoja." Mwinjilisti akacheka mpaka maji yakamwagika. Alikuwa mtu wa kucheka, na watu wengi wamesahau hilo.

Mimi nilikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali. Kambi ya wafanyakazi ilipojaa, Mwinjilisti alinipa chumba kilichopakana na jiko lake, na nikakaa humo miaka mingi, mpaka nikajenga changu jirani. Nilikula ugali wake, nikanywa maziwa yake, nikasali kwenye kanisa lake la bati pale nilipokuwa sina zamu. Ninavyomweleza hapa ni kwa kumpenda. Na nina deni naye ambalo halilipiki, mtaliona mbele.

Kitabu chake kilikuwa Agano la Kale kwa Kiebrania. Aliachiwa na mwalimu mmoja mgeni wa misheni, aliyemfundisha herufi msimu mmoja wa mvua kisha akarudi kwao kabla hawajafika mbali. Kwa hiyo Mwinjilisti alizijua herufi zote ishirini na mbili, akajua pia kwamba kila herufi ni namba: alefu ni moja, beti ni mbili, hivyo hivyo mpaka mia nne. Maneno alijua machache, labda hamsini. Mkate, baba, maji, nchi, kaburi. Sentensi nzima ilimshinda. Alikuwa kama mtu anayejua jina la kila mtu kijijini lakini hajui nani ni ndugu wa nani.

"Mungu hakuandika ovyo," alikuwa anasema. "Fundi mzuri akijenga nyumba anapima. Je, Yeye?"

Basi alihesabu. Asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, utamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, kitabu magotini, kidole kinatembea kutoka kulia kwenda kushoto. Kila herufi mia anadondosha punje moja ya ngano kwenye kibuyu. Ngano hiyo aliiokota barabarani, ile inayomwagika kwenye malori yetu wakati wa mavuno. Mama Mwinjilisti ilimbidi afungie kuku, maana mara moja jogoo alikula sura nne za Mwanzo.

Na mtu huyohuyo, madhabahuni, aliwakemea waganga na vijiwe vyao. Nikamtania siku moja, "Mwinjilisti, na wewe si unapiga ramli tu, ila kwa Kiebrania?" Loo! Hakunisemesha siku mbili. Chakula kikawa kinaletwa na Mama, kimya kimya. Siku ya tatu akasimama mlangoni kwangu, akasema, "Ramli inaulizwa, dereva. Hii inahesabiwa. Kula, ugali unapoa." Sikuelewa tofauti, ila nikaomba radhi.

Alihesabu kila kitu isipokuwa watu. Umri wake mwenyewe alikuwa haujui. Ofisi ya kanisa Mbulu ilikuwa inamletea fomu ajaze idadi ya wasikilizaji kila Jumapili, naye aliandika "Wengi," au "Wachache," au siku za mvua kubwa, "Mimi na mke wangu na dereva." Walimwandikia barua ya kumwonya. Akajibu kwamba Mfalme Daudi alihesabu watu na tauni ikaingia, na yeye hana watu wa kupoteza.

Katika jambo hilo alikubaliana na jirani yake wa upande wa chini, mzee mmoja mfugaji. Huyu hakuwa Mkristo na hakutaka kuwa. Alikuja tu asubuhi, shuka yake begani, fimbo mkononi, akakaa kwenye gogo kumtazama mwenzake anavyohesabu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, lakini kila neno aliliweka mahali pake.

"Unachoka bure," alimwambia. "Mimi ng'ombe sihesabu. Ng'ombe akihesabiwa anaisha."

"Sasa utajuaje kama mmoja amepotea?"

"Wanarudi jioni, natazama. Asiyekuwepo namwona."

"Unamwonaje mtu asiyekuwepo?"

"Naona nafasi yake," mzee akasema. Mwinjilisti akacheka, akadondosha punje.

Sasa nifike pale ninapochelewa kufika.

Shamba lilikuwa linapanuka. Kila mwaka ramani ilikuja na mstari mpya, na mstari ukishachorwa, sisi madereva tulikuwa wa kunyoosha tu. Mwaka ule mstari ulipita juu ya bung'eda ya baba wa yule mzee mfugaji. Kwa asiyejua, hao wafugaji wa bondeni wakizika mzee wao wa heshima, hujenga kilima cha udongo juu ya kaburi kwa miezi, wakizungushia miti mibichi, na miti ile huota. Baada ya miaka unaona kichaka cha duara kimesimama peke yake mbugani. Watu wanakuja hapo kuongea na baba yao.

Nilikiona vizuri. Nilikuwa nimenywea chai kivulini pake mara nyingi. Msimamizi akasema nyoosha. Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa. Nilizima trekta, nikashuka, nikavuta sigara moja hadi ikaniunguza vidole, nikapanda tena. Nikanyoosha.

Yule mzee alikuja akasimama pembeni ya haro, lile jembe la kuvutwa na trekta. Hakupiga kelele. Miezi iliyofuata alikwenda ofisi ya shamba, wakamtuma wilayani; akaenda wilayani, wakamrudisha ofisi ya shamba. Ndugu zake wakaanza kuhama, wakiswaga mifugo kuelekea Yaeda Chini na kwingine ambako hakujalimwa. Wakamwambia twende. Yeye akaja kwanza kwa Mwinjilisti. Nilikuwa nimekaa jikoni, mlango wazi, nikasikia yote.

"Kitabu chako kina wafugaji," akasema. "Umenisomea kwa Kiswahili. Walizika baba zao, wakaondolewa, wakarudi. Hiki kinasema mimi narudishiwa lini?"

Jamani, hapo ndipo lilitakiwa jibu moja tu: sijui. Nilikaa na bakuli mkononi nikilisubiri. Mwinjilisti akasema, "Nipe majuma mawili."

Majuma mawili yale alikonda. Akaanza na namba za maneno. Nchi, kwa Kiebrania, ni alefu, reshi, tsade: moja, mia mbili, tisini. Jumla mia mbili tisini na moja. Kaburi ni kofu, beti, reshi: mia moja, mbili, mia mbili. Jumla mia tatu na mbili. Alinionyesha kwenye daftari.

"Toa, dereva. Toa wewe mwenyewe."

Nikatoa. Ikabaki kumi na moja.

"Kati ya nchi na kaburi kuna kumi na moja," akasema. "Umeona? Miaka kumi na moja!"

"Au siku kumi na moja," nikasema. "Au mbuzi kumi na mmoja. Na kumi na moja nayo haigawanyiki, Mwinjilisti, si ulikataa basi kwa hilo?"

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Hii haikuja kwenye basi," akasema.

Mzee mfugaji akapewa namba yake. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kuhesabu, aliitafutia pa kuishika. Siku zile mkwe wake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Akauliza, "Huyu akiwa wa kuchunga ng'ombe wakubwa peke yake, ndiyo kumi na moja?" Mwinjilisti akasema ndiyo, karibu hapo. Basi mzee akabaki. Ndugu wote walihama, yeye na nyumba yake wakabaki kwenye kipande cha malisho kilichobanwa kati ya ngano na barabara, kwa sababu ya ile hesabu ya kutoa niliyoifanya kwenye daftari.

Mnajua ng'ombe waliishije? Hawakuishi. Wakivuka mpaka wanakamatwa. Wasipovuka wanalala na njaa. Kiangazi kimoja nilihesabu mizoga mitano kutoka kwenye kiti cha trekta, kisha nikajizuia kuhesabu. Mwinjilisti alimpelekea pumba na mabua ya mahindi, akamkaribisha achungie kwenye uwanja wa kanisa. Kila asubuhi mzee alikuja kukaa kwenye gogo lake vilevile. Mwinjilisti akimwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu, yeye alijibu ile aliyoisikia kwetu: "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Kisha wanacheka wote wawili. Mimi sikuweza kucheka, maana nilikuwa na jambo langu.

Jambo lenyewe ni hili. Msimu wangu wa kwanza katika nyumba ile, mvua ilinyesha mfululizo, matrekta yamezama, barabara hakuna. Nilikuwa na tumbaku ya majani mfuko mzima na sina karatasi ya kusokotea. Mwinjilisti alikuwa amekwama Katesh. Rafuni kulikuwa na kitabu chenye karatasi nyembamba, nyororo, na maandishi ambayo mimi niliona ni mapambo tu. Nikachomoa wembe. Nikakata karatasi moja ya ndani, taratibu, karibu kabisa na mshono ili isionekane. Nikaivuta kwa siku mbili. Ilikuwa nzuri, haki ya Mungu, ilikuwa inaungua polepole.

Juma lililofuata Mwinjilisti akarudi, akakishusha kitabu, akanionyesha kwa mikono miwili jinsi mtu anavyokuonyesha mtoto mchanga. Akasema, "Hiki ndicho kitu changu cha pekee duniani." Ningesema siku ile, ningepigwa makofi mawili yakaisha. Sikusema. Siku nyingine akaanza kunifundisha herufi, mimi huyohuyo, wakati wa mvua, na kila tulipofungua kitabu nilikuwa namwomba Mungu kidole chake kisipite pale.

Kikapita mara nyingi. Hakuona. Mtu asiyesoma sentensi hawezi kujua kwamba sentensi imekatika.

Mwaka wa kumi na moja ulifika. Wakati wa kupanda, tulipanda ngano. Wakati wa kuvuna, kombaini zikapita juu ya pale palipokuwa na kichaka, na mavuno pale yalikuwa kama mahali pengine popote. Mzee mfugaji akaja asubuhi. Akakaa.

"Mjukuu sasa anachunga peke yake," akasema.

Mwinjilisti hakulala vizuri tangu siku ile. Akasema namba ni ya kweli ila haijathibitishwa. Kwamba ukikihesabu kitabu chote cha Mwanzo, herufi moja moja, halafu ukagawa kwa kumi na moja, lazima kisibaki kitu, ndipo muhuri wa Mungu utaonekana na tutajua tumekosea wapi kwenye miaka. Sijui alilitoa wapi hilo. Akahesabu, majuma mengi. Akagawa. Ikabaki sita.

Akarudia upya. Sita. Akarudia mara ya tatu, Mama Mwinjilisti akiwa amekasirika sasa, shamba halijapaliliwa, Jumapili mahubiri anachanganya Isaka na Yakobo. Sita.

"Hii sita inatoka wapi?" alikuwa anapiga goti lake kwa ngumi. "Dereva, hii sita inatoka wapi?"

Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na sigara sikioni, nikasema, "Sijui, Mwinjilisti."

Nimejitetea kwa njia nyingi. Nilijiambia kwamba nikisema, ataanguka pale pale. Halafu nikajiambia kinyume, kwamba nikisema atapata moyo wa kuendelea, na mzee wa watu atazidi kungojea. Maneno matupu. Ulikuwa uoga.

Mzee mfugaji alikufa kabla ya hesabu ya nne. Alikuwa ameomba azikwe kwa baba yake. Mimi nilijua mahali penyewe kuliko mtu yeyote, ningeweza kuwapeleka nimefumba macho, lakini ngano ilikuwa imefika kiunoni na askari wa shamba hawakuruhusu mtu aingie. Wakamzika nyuma ya boma lake, bila kilima, kwa sababu ndugu wa kujenga kilima walikuwa mbali. Mwinjilisti alisimama pale na kofia mkononi. Watu walidhani ataomba. Hakuomba. Aliangalia ng'ombe waliobaki, muda mrefu, kama anajaribu kuwaona wale wasiokuwepo.

Miaka ikapita, shamba lenyewe likaanza kufa. Vipuri vikakosekana, kombaini zikasimama kwenye majani, sisi madereva tukaambiwa tusubiri nyumbani. Mwinjilisti alikuwa ameshastaafu, wamehamia Mbulu kwenye kishamba cha upande wa mkewe, kule kwenye baridi. Nikasikia macho yamemwishia. Nikakaa na habari hiyo miezi kadhaa. Kisha asubuhi moja nikapanda basi. Sikuangalia namba zake.

Mama Mwinjilisti alinipokea uani. Amezeeka, lakini ulimi uleule. "Umekonda, dereva. Ngano ilikuwa inakulisha kumbe." Kisha akashusha sauti. "Ametulia sasa. Tangu macho yaende, hahesabu tena. Analala, anakula, anacheka. Nimempata mume wangu uzeeni. Ingia umsalimie, ila usimtaje yule mzee."

Nilimkuta kwenye kigoda kilekile, dirishani, kitabu kimefungwa magotini.

"Shikamoo Mwinjilisti."

"Marahaba! Dereva!" Akanyoosha mikono yote miwili hewani, akanipata bega. Akaniuliza watoto, akaniuliza mvua. Kisha yeye mwenyewe akamtaja. "Na mjukuu wa jirani yetu?"

"Amekwenda Yaeda Chini na ng'ombe waliobaki."

"Na lile shamba? Wanarudishiwa?"

"Wanasema litagawanywa. Kila mtu analitaka, Mwinjilisti. Sidhani kama zamu yao itafika."

Akatikisa kichwa. Alikuwa mtulivu kweli, kama Mama alivyosema. Ningeweza kunywa chai nikaondoka. Lakini nilikuwa nimebeba lile jambo miaka yote ile, na nilitaka kulitua, na nilimtafutia yeye sababu nyingi ilhali nilikuwa najitafutia mimi. Nikapiga magoti sakafuni, nikamweleza. Mvua, tumbaku, wembe. Nikasema, "Kitabu kina karatasi moja pungufu. Mimi niliivuta. Nipige, au nifukuze, vyovyote utakavyo."

Kisha akafungua kitabu, akaanza kupapasa mishono, karatasi kwa karatasi, taratibu, ulimi nje kidogo. Akafika, bado ndani ya Mwanzo. Kidole kikasimama kwenye ule ukingo mwembamba nilioubakiza.

"Soma namba za kurasa hapa."

"Hamsini na nne," nikasema. "Halafu hamsini na saba."

"Hamsini na nne. Hamsini na saba." Akapiga goti lake kwa ngumi, kama zamani. "Kumbe! Kumbe haikuwa hesabu! Mama! Mama, njoo usikie! Hesabu haikukosea! Ilikuwa karatasi tu!"

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akanishukuru. Nilikwenda kutafuta kofi, akanishukuru. "Mungu akubariki, mwanangu. Ungekufa nalo je? Tungeijuaje sita?"

Mama Mwinjilisti alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alinitazama mara moja tu. Akaweka kikombe chini, akaondoka.

"Mwinjilisti," nikasema, "mzee mwenyewe alishakufa. Na ile karatasi haipo. Haitapatikana."

"Tutaona nafasi yake," akasema. Alikuwa tayari anapapasa chini ya kigoda, akatoa kibuyu, akakitikisa kuhakikisha ni kitupu. "Macho yangu hayapo, lakini yako yapo, na herufi nilikufundisha. Fungua mwanzo."

Nikafungua. Ningefanya nini? Nikaweka kidole kulia juu, pale nilipofundishwa.

"Beti," nikasema. "Reshi. Alefu. Shini. Yodi. Tavu."

Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza. Nje nilisikia Mama Mwinjilisti anafungia kuku. Nilipofika mia, punje ya kwanza ikaanguka kwenye kibuyu.

"Endelea," akasema.